Shehena Nzito, Mlango Mwembamba: Historia ya Kupakia katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Kiswahili kilipohitaji jina la tendo la kutuma faili kutoka katika kompyuta au simu ya mtu kwenda kwenye mashine iliyo mbali, kililichukua bandarini. Neno kupakia, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa na maana ya kuweka shehena chomboni, likapewa kazi mpya, na kinyume chake, kupakua, kikatumika kwa kuleta faili kutoka huko mbali. Uteuzi huo una hekima kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu faili kubwa lina tabia zote za shehena: lina uzito unaopimwa kwa baiti, kilobaiti na megabaiti, kila kipimo kikiwa takriban mara elfu ya kilichotangulia, linapita katika njia yenye upana wake, linaweza kuharibika safarini, na linapofika ni lazima lihesabiwe kabla halijakubaliwa. Makala haya yanafuatilia historia ya kupakia katika sehemu moja ya pwani ambako mlango wa kutokea umekuwa mwembamba tangu zamani, nayo ni pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa Mto Ruvuma, kupitia Palma, Mocímboa da Praia, Quissanga na visiwa vya Quirimbas, hadi ghuba ya mji wa Pemba, ambao usichanganywe na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar.

Wembamba wa njia peke yake hautoshi kuieleza historia hiyo. Watu wa pwani hii waliuzoea na wakautafutia dawa zamani sana, kwa kugawa mzigo, kuuandikia hati na kuuhesabu mafungu kwa mafungu. Taabu kubwa zaidi ilikuja na mpokeaji asiyekumbuka alichokwisha kupokea, na mpokeaji wa namna hiyo ni zao la wavuti, bandari haikumjua.

Mji wa Ibo, uliojengwa juu ya kisiwa kidogo cha matumbawe kilichozungukwa na mikoko, ulipewa na Wareno hadhi ya makao makuu ya eneo hilo katika miaka ya 1760, na ngome yake kubwa ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ikakamilika mwaka 1791. Kutoka hapo zilitoka pembe za ndovu, kauri, nta na, kwa fedheha ya karne mbili, watu waliotiwa utumwani na kupelekwa hasa katika visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi, yaani Réunion ya leo na Mauritius kabla haijatwaliwa na Waingereza. Lakini bandari ya Ibo haikuwa na kina. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya mlango wake hubaki tope na mchanga, na chombo kikubwa hakina budi kutia nanga mbali na kungojea maji yajae. Kwa hiyo shehena haikupakiwa kwa mkupuo mmoja. Iligawanywa katika vyombo vidogo, yaani mashua na mitumbwi, na kwingineko pwani katika matishali, ambayo ni mashua bapa za kubebea mizigo kati ya ufuo na meli. Vyombo hivyo vilikwenda na kurudi kwa kufuata saa za maji, huku karani akiwa na hati ya shehena, yaani orodha ya vitu vyote vinavyotakiwa kufika, akitia alama kila fungu lililopanda.

Utaratibu huo una mambo matatu ambayo msomaji atakutana nayo tena mbele. La kwanza ni kwamba ukubwa wa fungu uliamuliwa na njia, kwa maana hakuna aliyemlaumu mwenye pembe kwa kuwa na pembe nyingi. Alipewa mashua nyingi. La pili ni kwamba kila fungu lilikuwa na alama yake katika hati. La tatu, ambalo ndilo muhimu kuliko yote, ni kwamba mashua moja ikipinduka au maji yakipwa kabla kazi haijaisha, mafungu yaliyokwisha kufika melini hayakurudishwa ufuoni ili kazi ianze upya: kesho yake karani alifungua hati yake na kuendelea pale alipoachia.

Zama za meli za mvuke ziliuumbua udogo wa mlango wa Ibo. Kampuni ya Nyassa, iliyopewa mkataba mwaka 1891 wa kutawala maeneo ya Cabo Delgado na Niassa kwa niaba ya Ureno na kuyashikilia hadi mwaka 1929, ilihamishia makao yake katika ghuba ya Pemba mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji uliopewa jina la Porto Amélia na kurudishiwa jina la Pemba baada ya uhuru wa mwaka 1975. Ghuba hiyo ni pana na ina kina kikubwa, na kwa sababu hiyo mji uliokuwa makao makuu kwa zaidi ya karne moja ukaachwa na nyumba zake za mawe. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa wa kiutawala katika pwani hii ambao ulitokana na ugumu wa kupakia.

Mbali na shehena nzito, palikuwa na shehena nyepesi, nayo ilikuwa maandishi. Katika Jalada la Historia la Msumbiji, Arquivo Histórico de Moçambique, mjini Maputo, zimehifadhiwa barua nyingi za karne ya 19 zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, ambazo masultani, mashehe na wakubwa wa pwani ya kaskazini waliwapelekea maofisa wa Kireno. Mwanahistoria Liazzat Bonate ni miongoni mwa waliozichunguza kwa kina. Barua hizo zinathibitisha kwamba kabla ya Wareno kutawala pwani yote kwa silaha, na Tungi iliyo karibu na Palma waliitwaa mwaka 1887 tu, mazungumzo ya kiserikali yaliendeshwa katika lugha na maandishi ya pwani yenyewe. Zilisafiri kwa mikono ya matarishi na kwa majahazi, na uzito wa kila moja ulikuwa gramu chache tu. Inafaa kuikumbuka barua ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika hapa kama kipimo: karatasi moja yenye ukubwa wa A4, ikipigwa picha kwa rangi kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, kiwango cha kawaida cha kuhifadhia nyaraka, na picha hiyo isibanwe, yaani isipunguzwe ukubwa kwa hesabu za kompyuta, huwa faili la takriban megabaiti 26. Kitu ambacho tarishi alikitia mfukoni kimegeuka kuwa shehena.

Simu ya maandishi ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1879, kwa waya wa chini ya bahari uliolazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Kisiwa cha Msumbiji, Lourenço Marques (Maputo ya leo) na Durban, bahari iliyo mbele ya Cabo Delgado ilikuwa sehemu ya njia yake, lakini vituo vilikuwa Zanzibar upande mmoja na Kisiwa cha Msumbiji upande mwingine. Gharama ya simu hiyo ilihesabiwa kwa neno, kwa hiyo mtumaji alilipia uzito. Mambo hayo mawili, njia kuu inayopita mbele ya pwani bila kutia nanga na mtumaji anayelipishwa kwa uzito, yalirudi miaka 130 baadaye bila kubadilika sana.

Barua pepe ilianza nchini Msumbiji mapema katika miaka ya 1990, katika kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane mjini Maputo, kinachojulikana kwa kifupisho cha CIUEM, kwa kiungo cha simu na Chuo Kikuu cha Rhodes cha Afrika Kusini. Mbinu yake ilikuwa ya kuweka kisha kupeleka: ujumbe ulikusanywa kwanza katika mashine ya hapo, kisha simu ikapigwa kwa saa maalumu na mzigo wote ukasafirishwa kwa pamoja. Mtu wa pwani angeitambua mara moja kuwa ni kungojea maji yajae. Mbinu hiyo ilidharauliwa upesi pale intaneti ya moja kwa moja ilipopatikana, na dharau hiyo haikustahili, kama itakavyoonekana.

Wavuti, yaani mfumo wa kurasa unaotumia itifaki ya HTTP, ulibuniwa kwa ajili ya kusoma. Itifaki ni kanuni za mazungumzo kati ya mashine mbili, na katika HTTP mazungumzo hayo ni mafupi: mashine ya msomaji huomba, na seva, yaani mashine inayohudumia, hutoa. Njia ya kutuma faili kwa fomu ya ukurasa wa wavuti ilipendekezwa rasmi mnamo Novemba 1995 katika waraka wa kitaalamu wenye namba 1867, na ikakubalika haraka kwa sababu ilikuwa rahisi: faili zima liliviringishwa ndani ya ombi moja na kusukumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1997 toleo la HTTP 1.1 likaongeza jambo la thamani kubwa kwa wapakuaji, nalo ni uwezo wa kuomba sehemu tu ya faili, kwa mfano kuanzia baiti ya milioni kumi hadi mwisho, hivi kwamba aliyekatikiwa na mtandao akiwa katikati aliweza kuendelea. Wapakiaji hawakupewa kitu kama hicho. Itifaki haikuwa na namna ya kawaida ya mtumaji kuiuliza seva imefikishiwa kiasi gani, na ombi likikatika kabla ya kukamilika, seva kwa kawaida ilitupa yote iliyokwisha kuyapokea.

Athari yake inaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno. Ile picha ya barua yenye megabaiti 26, ikipakiwa kupitia njia ya kilobiti 64 kwa sekunde (biti nane hufanya baiti moja), huchukua takriban dakika 54 iwapo hakuna chochote kitakachoikatiza. Ikikatika katika dakika ya 50, mtumaji amelipa dakika 50 na hajafikisha kitu, na jaribio la pili litaanzia sifuri, na la tatu pia. Mahali ambapo njia hukatika kila baada ya nusu saa, faili hilo haliwezi kufika kabisa, hata mtumaji awe na subira ya mwaka mzima. Karani wa Ibo asingeuelewa utaratibu huu: ni sawa na meli kumwaga baharini pembe zote zilizokwisha kupandishwa kila mara mashua moja inapochelewa.

Kizazi kilichofuata cha huduma za wavuti, yaani programu zinazozungumza na programu nyingine kupitia wavuti bila mtu kukaa katikati, kiliuongezea mzigo uzito. Itifaki ya SOAP, iliyotangazwa katika toleo lake la 1.1 mwaka 2000, ilifunga kila ujumbe ndani ya XML, ambao ni mtindo wa kuandika data kwa maandishi yenye alama, na kwa kuwa picha si maandishi, ilibidi igeuzwe kwanza kwa mbinu inayoitwa base64, inayoandika kila baiti tatu kwa herufi nne. Picha ya megabaiti 26 ikawa karibu megabaiti 35, na dakika 54 zikawa zaidi ya dakika 70. Suluhisho la kuipeleka picha ikiwa kama ilivyo, kando ya maandishi, liliidhinishwa mwaka 2005 kwa jina la MTOM, lakini lilipunguza uzito tu. Halikuifundisha seva kukumbuka.

Mapinduzi ya kweli yalitoka kwa wafanyabiashara wa maghala. Kampuni ya Amazon ilifungua mwaka 2006 ghala la mafaili liitwalo S3, ambalo programu yoyote ingeweza kuweka na kuchukua mafaili kwa maombi ya HTTP, na mwishoni mwa mwaka 2010 ikaongeza upakiaji wa vipande: mtumaji hutangaza kwamba analeta faili kubwa, hupewa namba ya kazi hiyo, hutuma vipande vyenye namba kwa mpangilio wowote, hata kadhaa kwa wakati mmoja, kisha hutoa orodha ya vipande vyote ili ghala liviunganishe. Kila kipande kina alama ya uhakiki, yaani hesabu fupi inayotokana na yaliyomo, ambayo ikilingana pande zote mbili huthibitisha kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Hati ya shehena imerudi, karani amerudi, mashua zimerudi. Hata hivyo, sharti kwamba kila kipande, isipokuwa cha mwisho, kisipungue megabaiti 5 linaonyesha ni nani aliyefikiriwa wakati wa kubuni: kwenye njia ya kilobiti 64, kipande kidogo kabisa kinachoruhusiwa huchukua zaidi ya dakika kumi. Mashua ilitengenezwa kwa bandari yenye kina.

Karibu zaidi na desturi ya pwani ni itifaki ya tus, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kampuni ya Transloadit ya Berlin na kutolewa kwa kila mtu kuitumia bure. Humo mtumaji aliyekatikiwa huanza kwa kuuliza, seva humjibu kwa namba ya baiti iliyofikia, na kazi huendelea kuanzia hapo, iwe baiti ya tano au ya milioni ishirini na tano. Kitu hicho kimoja, kumbukumbu ya mpokeaji, ndicho kilichokosekana tangu mwaka 1995, na umoja wa wahandisi wa intaneti, IETF, ndio kwanza ulianza kuandaa kanuni ya pamoja ya jambo hilo baada ya mwaka 2020. Robo karne ni muda mrefu kwa jambo ambalo kila bandari inalijua.

Wakati itifaki zikijirekebisha, njia nazo zilikuwa zikijengwa. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mikongo hii ya chini ya bahari, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ilitia nanga Maputo upande wa kusini na Dar es Salaam upande wa kaskazini, ikiwa na njia ndefu ya bahari katikati, na pwani ya Cabo Delgado ikaachwa kama ilivyoachwa mwaka 1879. Mawasiliano ya Palma na Mocímboa da Praia yalibaki yakitegemea njia za nchi kavu na minara ya makampuni ya simu: mCel ya serikali, ambayo baadaye iliunganishwa na shirika la simu za mezani na kuwa Tmcel, Vodacom, iliyoingia nchini mwaka 2003, na Movitel, yenye mtaji wa Viettel ya Vietnam, iliyoanza huduma mwaka 2012 na kusogeza minara yake hadi vijijini. Simu za kizazi cha tatu, zilizowafikishia wengi intaneti kwa mara ya kwanza, zilibeba upendeleo uleule wa wavuti: katika viwango vya kimataifa vya teknolojia hiyo, kasi kubwa ya kupokea iliwekwa katika toleo la tano, na kasi kubwa ya kutuma ikasubiri toleo la sita. Tena mtumiaji hununua bando kwa megabaiti, na megabaiti zilizopotea katika jaribio lililoshindwa hazirudishwi.

Mtu anaweza kudhani kwamba wenye fedha waliepukana na shida hiyo, nao kweli waliepukana nayo, lakini kwa njia ya kale. Gesi asilia ilipogunduliwa katika bonde la Ruvuma, kwa tangazo la kampuni ya Anadarko mwaka 2010 na la Eni mwaka 2011, ugunduzi huo ulitanguliwa na upimaji wa mitetemo, kazi ambayo meli hupiga mawimbi ya sauti kuelekea chini ya bahari na kurekodi mwangwi wake kwa vipokezi vinavyokokotwa nyuma yake. Upimaji wa aina hiyo huzaa terabaiti nyingi, na terabaiti moja, ambayo ni megabaiti milioni moja, ingechukua zaidi ya siku tisa kupita katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde. Ndiyo maana kawaida ya tasnia hiyo imekuwa kuandika data kwenye kanda za sumaku na kuzisafirisha ndani ya masanduku kwa meli na ndege hadi kwenye vituo vya uchambuzi. Shehena kubwa kuliko zote za kidijitali zilizowahi kukusanywa katika maji ya Cabo Delgado zilipakiwa, kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo.

Upande wa pili wa kipimo walikuwapo watu wenye simu moja na fomu. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ilianza kutengenezwa programu ya Open Data Kit, au ODK, ya kukusanyia takwimu kwa simu janja mahali pasipo na mtandao, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa magharibi mwa Kenya, kwa wahudumu wa mpango wa AMPATH wa Eldoret waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima virusi vya UKIMWI. Kutokana nayo ukazaliwa mfumo wa KoboToolbox, ambao mashirika ya misaada hutumia sana katika maafa. Fomu hujazwa na kuhifadhiwa simuni pamoja na picha zake, kisha hutumwa mhudumu anapofika penye mtandao, na hivyo ile mbinu ya kuweka kisha kupeleka ikarudi bila kelele. Kanuni zinazotawala utumaji wake, ziitwazo OpenRosa, zina kipengele ambacho watunzi wa huduma kubwa wangeweza kujifunza mapema: kabla ya kutuma chochote simu huiuliza seva, nayo huijibu ukubwa wa mzigo inaoweza kuupokea kwa mara moja; mzigo ukizidi, simu hugawa picha katika safari kadhaa, na kila safari hubeba nakala ya fomu yenye namba ileile ya utambulisho, ili seva ijue kwamba picha hizi na zile ni za kaya moja.

Kipengele hicho kina mpaka wake. Kinagawa kati ya faili na faili. Hakikati ndani ya faili. Video moja nzito ikikatika njiani huanza upya.

Kaskazini ya Cabo Delgado ilihitaji vifaa vya aina hiyo kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa kwa mara ya kwanza na kundi la waasi wenye silaha, na vita vilivyofuata viliwaondoa watu makwao kwa wingi, hata kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 waliokuwa wamehama walikadiriwa kuwa takriban milioni moja. Katikati ya vita hivyo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kikapiga pwani kaskazini ya mji wa Pemba, kikabomoa sehemu kubwa ya Ibo na kuharibu wilaya za Macomia na Quissanga, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira. Minara ya simu ikaharibiwa katika wilaya kadhaa, na barabara ya N380, ambayo ndiyo njia kuu ya kuelekea kaskazini, ikawa hatari kupitika, hivi kwamba mafundi wa kurekebisha minara walizuiliwa na kilekile kilichozuia unga na dawa. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu za mkononi yalikatika, na kwa siku kadhaa habari za mji huo zilitegemea simu chache za setilaiti na maneno ya waliofanikiwa kutoka kwa miguu, kwa ndege na kwa vyombo vya baharini. Ushahidi uliokuwamo katika simu za watu ulisafiri pamoja na watu wenyewe.

Tangu hapo milango imeongezeka. Huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza Msumbiji katikati ya mwaka 2023, nayo haihitaji mnara wala barabara, ingawa inahitaji umeme, kifaa na ada ambayo mvuvi wa Quissanga haimudu. Mkongo wa 2Africa, uliotangazwa mwaka 2020, una nanga zake za Msumbiji Maputo na Nacala, na Nacala iko katika mkoa wa Nampula, jirani wa kusini. Ni hatua ya kweli, kwa sababu inaisogeza nanga ya mikongo hii ya kioo kaskazini. Lakini tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja karibu na pwani ya Afrika Kusini na kuzorotesha intaneti kuanzia Msumbiji hadi Kenya, ilionekana wazi kwamba wingi wa mikongo hauondoi kukatika. Tarehe 15 Desemba ya mwaka huohuo kimbunga Chido kiliingia Mecúfi, kusini kidogo ya mji wa Pemba, na kukata umeme na simu tena.

Kwa kuwa njia itaendelea kukatika, kazi iliyobaki ni ya wajenzi wa huduma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika mbali na pwani hii, katika faili dogo la mipangilio ambalo wengi hawalifungui. PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwamo za ofisi nyingi za umma, ikisakinishwa bila kuguswa hukataa hadi leo faili lolote linalozidi megabaiti 2, na ile picha ya ukurasa mmoja wa barua ya pwani ina megabaiti 26.